Kopo na Sinia

Mgonjwa wa saratani ya umio hujulikana, aghalabu, kwa kopo lake. Hukaa pembeni wenziwe walapo, akitema humo mate yake mwenyewe ambayo koo limeyakataa. Kwani maradhi haya huanza kwa kuzuia nyama, kisha ugali na wali, kisha uji, na mwisho maji matupu, hata mtu akawa anakufa kwa njaa na kiu ilhali chungu ki mekoni na jamaa wamemzunguka.

Katika ukanda uanziao Uhabeshi, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hata Afrika ya Kusini, ugonjwa huu umekithiri, na wengi hufika hospitali wakati ambapo kisu cha mpasuaji hakina tena la kufanya. Hapo ndipo husikika lile neno ninalolipinga: "Mrudisheni nyumbani."

Hasha, lipo la kufanya. Katika hospitali ya Tenwek, huko Bomet, Kenya, matabibu wamekuwa kwa miaka mingi wakiwatia wagonjwa wa namna hii stenti, yaani mrija wa nyuzi za madini uliosukwa mfano wa dema. Madini yenyewe, aghalabu mchanganyiko wa nikeli na titani, yana tabia ya kulikumbuka umbo lake: mrija hubanwa ukawa mwembamba kama kalamu, ukapitishwa kinywani juu ya waya hadi penye uvimbe, kisha ukaachiwa, nao hujitanua wenyewe ukafungua njia. Huko Tenwek wameifanya kazi hii kwa endoskopi, yaani kamera ndogo ipitishwayo kooni, pasipo ile mashine ya eksirei ya picha zitembeazo ambayo hospitali nyingi za kwetu hazina. Mara nyingi mgonjwa hunywa maji siku ile ile, na baada ya siku moja au mbili hula vyakula laini.

Wako waonao kwamba kumgharimia mtu asiyetarajiwa kupona ni israfu. Kweli stenti haiponyi, na tabibu amfichaye mgonjwa hilo amehini amana yake. Tena ina taabu zake: kifua huuma siku za mwanzo, mrija huweza kuteleza, finyango la nyama lisilotafunwa vema laweza kuuziba, na ukiwekwa chini karibu na tumbo humlazimu mtu kulala kichwa kimeinuliwa, asidi isimpande. Penye mionzi ya ndani ya umio, nafuu yake huchelewa lakini hudumu zaidi. Ila mashine za mionzi hiyo ni chache mno. Hata hivyo, aliyebakiwa na miezi michache ana haki ya kuipitisha kwenye sinia pamoja na watu wake.

Kwa hiyo naziomba serikali zetu na bima za afya ziiweke stenti, kila mahali, miongoni mwa tiba zinazolipiwa. Nawe msomaji, ukimwona wa kwenu anashushia kila tonge kwa maji, usingoje kopo: mpeleke akapimwe kwa endoskopi wiki hii hii.