Yaliyotokea Tarehe 24 Februari



Wapenzi wasomaji, na hasa nyinyi watoto wetu mnaosomewa ukurasa huu na mama au bibi baada ya Maghribi, wiki hii tumechagua tarehe moja tu katika kalenda, 24 Februari, tukatazama ni nani waliozaliwa siku hiyo na ni mambo gani yaliyotokea.

Kabla hatujaanza, tukumbushane jambo moja. Siku haina bahati wala nuhusi. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana mdogo wa Mtume wetu (s.a.w.), jua lilipatwa, na watu wakadhani limepatwa kwa sababu ya msiba ule. Mtume (s.a.w.), juu ya huzuni aliyokuwa nayo, aliwakataza dhana hiyo, akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, wala hazifuati kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Basi tunazisoma tarehe ili tupate mazingatio, si ili tupige ramli.

Mwaka 1304. Katika mji wa Tangier, ambao Waarabu huuita Tanja, pwani ya Moroko, alizaliwa Abu Abdillah Muhammad, maarufu kwa jina la Ibn Battuta. Yeye mwenyewe alisema kwamba alizaliwa Jumatatu, mwezi 17 Rajab, mwaka 703 wa Hijria. Kwa hesabu ya kalenda ya kale ya Kizungu, siku hiyo ni 24 Februari. Alipokuwa na umri wa miaka 21 aliwaaga wazazi wake akaelekea Makka kuhiji. Njia ikazaa njia nyingine, akaenda hadi Uajemi, Bara Hindi na China.

Sisi watu wa Pwani tuna sehemu yetu katika safari zake. Mwaka 1331 alishuka na pepo kutoka Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, kisha akaendelea hadi Kilwa. Kuhusu Mombasa alieleza kwamba watu wake ni wacha Mungu na wenye staha, chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki, na nafaka huletewa kutoka kwingine. Misikiti aliikuta ya mbao, imejengwa madhubuti, na penye mlango pana kisima kifupi na kata ya kuchotea maji. Mtu huosha miguu, akaifuta kwenye mkeka mnene, ndipo akaingia. Watoto, mnaponawa miguu kabla ya kuingia msikitini, mjue kwamba ada hiyo ilionwa kwetu na mgeni takriban miaka 700 iliyopita.

Akina mama watatuwia radhi tukitaja na upande wa huzuni. Ibn Battuta alikaa mbali na kwao miaka 24. Akiwa Dameski aliambiwa kwamba babake amekwisha kufa tangu miaka 15 nyuma. Aliporudi Moroko mwaka 1349, karibu kabisa na nyumbani, akapata habari kwamba mamake amechukuliwa na tauni. Akaenda Tangier kulizuru kaburi lake. Miaka michache baadaye, kwa amri ya Sultani Abu Inan, alikaa na mwandishi aitwaye Ibn Juzayy akamsimulia yote aliyoyaona, na kitabu kikakamilika mwaka 1355. Ni huyo Ibn Juzayy aliyeinakili tarehe ya kuzaliwa ya msafiri wetu, na ndiyo maana leo tunaijua.

Mwaka 1582. Papa Gregory wa 13 alitoa hati, yenye tarehe hii ya 24 Februari, ya kuirekebisha kalenda ya Wazungu. Kalenda ya zamani ilikuwa na kosa dogo la dakika kama 11 kwa mwaka. Dakika hizo zilikusanyika karne baada ya karne hata zikawa siku 10. Basi katika nchi zilizoifuata hati ile, watu walilala Alhamisi tarehe 4 Oktoba wakaamka Ijumaa tarehe 15. Mtoto aliyezaliwa tarehe 10 Oktoba hakuiona siku yake mwaka ule! Hiyo ndiyo kalenda inayotundikwa ukutani majumbani mwetu na kutumika mashuleni.

Pamoja nayo tunayo kalenda yetu ya Hijria, iliyowekwa zama za Khalifa Umar bin Al-Khattab (r.a.), inayokwenda kwa mwezi mwandamo. Mwaka wake una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka hutangulia kwa siku kama 11. Ndiyo sababu Ramadhani mara hutujia wakati wa kaskazi, joto likiwa kali, na mara wakati wa kusi. Na ndiyo sababu kila mtoto wa Kiislamu ana tarehe mbili za kuzaliwa, ambazo hukutana tena baada ya miaka kama 33.

Mwaka 1786. Huko Hanau, Ujerumani, alizaliwa Wilhelm Grimm. Alifiwa na babake akiwa na miaka tisa. Yeye na kaka yake Jacob walipokuwa vijana walianza kukusanya ngano zilizokuwa zikisimuliwa na watu wa kawaida, na mwaka 1812 wakachapisha kitabu cha kwanza chenye ngano 86. Wengi wa waliowasimulia walikuwa wanawake, mmoja wao Dorothea Viehmann, mke wa fundi cherehani, aliyekuwa akija mjini kuuza mazao ya shambani. Kama si yeye kusimulia na wao kuandika, nyingi katika ngano hizo zingezikwa na wenyewe.

Mwaka 1955. Huko San Francisco, Marekani, alizaliwa Steve Jobs. Baba yake mzazi alikuwa Msyria wa mji wa Homs, lakini mtoto alilelewa na Paul na Clara Jobs, watu wa kipato cha kawaida. Mwaka 1976 yeye na wenzake walianzisha kampuni ya Apple, na mwaka 2007 akaitangaza simu ya iPhone. Simu nyingi mnazoziona leo mikononi mwa watu, za kugusa kioo kwa kidole, zimefuata mfano huo. Alifariki mwaka 2011. Wale wanaolea watoto wasiowazaa wapate faraja hapa: hakuna ajuaye Mola amemtilia nini mtoto uliyemkaribisha nyumbani kwako.

Tarehe hii pia imebeba machungu. Mwaka 1966 Kwame Nkrumah, aliyeiongoza Ghana hadi ikapata uhuru mwaka 1957, alipinduliwa na wanajeshi akiwa safarini barani Asia. Hakurudi tena Ghana akiwa hai. Alifariki mwaka 1972. Na mwaka 2022, tarehe hiyo hiyo, majeshi ya Urusi yaliivamia Ukraine. Nchi zote mbili ni wakulima wakubwa wa ngano, na Kenya hununua ngano kwao. Vita viko mbali, lakini habari yake ilifika hadi kwenye unga wa mahamri yetu.

Sasa tuwageukie wazazi. Ibn Battuta alizaliwa zaidi ya miaka 700 iliyopita, na siku yake tunaijua kwa sababu alitajiwa, akaihifadhi, na mwenziwe akaiandika. Je, siku ya mtoto wako imeandikwa wapi? Tunao wazee wengi ambao vitambulisho vyao vinasema 1 Januari, si kwa kuwa walizaliwa siku hiyo, bali kwa kuwa hapakuwa na aliyeandika. Wengine huambiwa tu kwamba walizaliwa mwaka wa mvua kubwa au mwaka wa El Nino. Zamani hilo lilitosha, na leo halitoshi. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hupata taabu ya kuandikishwa shule, akikua hupata taabu ya kitambulisho, na siku Mola akimjaalia kwenda Hija, pasipoti nayo itamrudisha kwenye cheti kile kile.

Mama uliyejifungulia nyumbani, usione haya wala usichelewe: mwende na mzazi mwenzio kwa naibu wa chifu mkaandikishe kabla miezi sita haijapita. Ikiwa imekwisha kupita, mlango haujafungwa, ila njia yake ni ndefu zaidi na inataka subira. Kumwandikisha mtoto ni kumhifadhia haki yake, na haki ya mtoto ni amana.

Tusieleweke kwamba tunahimiza keki na mishumaa. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu kufunga Jumatatu, alijibu kwamba ndiyo siku aliyozaliwa, na siku aliyoteremshiwa wahyi. Aliikumbuka siku yake kwa kumshukuru Mola wake.

Kazi ya wiki hii kwa watoto: chukueni daftari, mwandike tarehe zenu mbili, ya Hijria na ya miladi, na siku ya wiki. Kisha mwendeni kwa bibi au babu, mshikeni mkono kwa adabu, mumuulize alizaliwa wapi, siku hiyo palitokea nini, na nani alimpa jina lake. Myaandike maneno yake kama anavyoyatamka, msiyasahihishe. Mkimaliza mwombeni na hadithi moja, akisema “Paukwa!” mwitikieni “Pakawa!” na hiyo nayo mwiandike.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, awape umri wenye kheri wazee wetu walio hai, na awarehemu waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.