VPN ndani ya VPN: nani anakuona?

Nimepotea kidogo, nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Leo nina la moyoni.

Mdogo wangu yuko nyumbani Kishanda. Alisikia nimejitengenezea VPN kwenye seva ya kukodi, akanipigia: "Kaka, niunganishe na mimi nisionekane." Nikamuunga, tena kwa mbwembwe: data yake ikifika kwenye seva yangu inaingizwa kwenye VPN nyingine ya kulipia, ndipo inatoka mtandaoni. Kila VPN ina kontena yake ya Docker. Ni kama bahasha umempa konda wa basi la Muleba. Ikifika Bukoba naifungua, naitia kwenye bahasha mpya, inapanda basi la Mwanza.

Usiku mmoja ile ya kulipia ikakatika. Dogo akaendelea kuperuzi bila habari, huku data ikitoka moja kwa moja na anwani ya seva niliyokodi kwa jina langu! Kosa langu, niliacha njia ya pembeni. Nikaibana kontena ya kwanza itumie mtandao wa ile ya pili tu. Ikikatika, vyote vinasimama.

Lakini kilichoninyima usingizi ni kingine. Bahasha ya kwanza naifungua mimi. Tovuti ikiwa na https siyasomi yaliyomo, ila nikitaka naona anatembelea tovuti zipi. Na kampuni ya simu bado inajua anatumia VPN.

Halafu kuna sheria. Oktoba 2023 TCRA ilitaka watumiaji wa VPN wajisajili kabla ya tarehe 30, ikikumbusha faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote. Na intaneti ilipozimwa nchini tarehe 29 Oktoba 2025, VPN juu ya VPN haikusaidia kitu. Barabara ikifungwa, hata bahasha kumi haziendi.

Nikampigia nikamweleza yote. Akanyamaza, kisha: "Kwa hiyo kaka ulikuwa unaniona?" Nikamjibu sijaangalia, ila ningeweza. Jamani, niliona aibu.

Maoni yangu: jifunzeni haya makontena, yanafundisha mtandao kuliko notisi. Ila usimwambie mtu "huonekani". Mwambie nani anamwona, kuanzia na wewe mwenyewe.

Ni hayo tu kwa leo. Mnaonaje wadau?