Bendi ya Shule Isiwe Mali ya Mwalimu Mmoja

Kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi na nusu jioni, wapitao nyuma ya bwalo husikia kishindo. Wageni huuliza kuna nini. Sisi wenyeji twajua: ni bendi ya Mwalimu wetu wa muziki. Wasichana saba, magitaa mawili ya umeme, gitaa moja la besi, kinanda tulichoazimwa na parokia, na ngoma ambazo toazi lake moja lina ufa. Mpiga besi ni mimi. Nasema hivi mapema ili msomaji ajue kwamba anayeandika maneno haya si mtu wa kando. Ana upande wake.

Sasa Mwalimu amepata uhamisho. Mumewe anafanya kazi mkoa mwingine, mtoto wao ana miaka mitatu, naye aliomba amfuate mumewe. Amekubaliwa, na muhula huu ukiisha ataondoka. Katika jambo hili hapana wa kulaumiwa, na sisi tumemtakia heri. Lakini tangu habari ilipotoka nimesikia maneno mengi mabwenini. Wako wasemao vyombo vifungiwe stoo mpaka aje mwalimu mwingine wa muziki. Wako wanaofurahi kwamba kelele zitakwisha na Kidato cha Nne tutasoma. Nami nina maoni yangu, nayo ni haya: kosa halimo katika kuondoka kwake. Kosa tulilifanya zamani, tulipoiita bendi hii "bendi ya Madamu", tukaiacha iwe yake kweli.

Kwanza nijibu habari ya mtihani, maana najua ndiyo itakayoulizwa.

Ni kweli kwamba nilianguka. Kidato cha Tatu, muhula wa pili, alama zangu za Hesabu zilishuka kutoka 61 hadi 38, na wengi walisema ni gitaa. Hata Mwalimu mwenyewe alisema hivyo. Alininyang'anya besi kwa majuma sita, akaniambia niendelee kuja mazoezini nikae karibu na matroni mlangoni, yeye akisuka ukili wake, mimi na daftari la Hesabu magotini. Niliona aibu kubwa. Lakini bendi isiyo na besi ni kama nyumba isiyo na sakafu, na wenzangu walichoka upesi. Mpiga ngoma wetu, ambaye Hesabu kwake ni maji, alianza kunifuata bwenini kila jioni kabla ya masomo ya usiku. Hakuja kwa kunipenda. Alikuja kwa sababu alichoka kupiga peke yake. Mtihani uliofuata nilipata 57. Wako wasemao kwamba muziki hunoa akili ya hesabu. Mimi sikuliona hilo, wala sitalisema. Nililoliona ni kwamba nilikuwa na watu sita waliopata hasara mimi nilipofeli, nao hawakuniacha. Katika darasa la wasichana hamsini, ni nani mwingine aliyepata hasara?

Jambo la pili ni neno "uhuni". Siku ya wazazi mwaka jana mzee mmoja alisimama akauliza kama shule ya Serikali imekuwa baa. Alisema roki ni muziki wa Kizungu, wa walevi, na msichana mwenye gitaa la umeme hapati mume. Juu ya mume sina la kusema, nina miaka kumi na saba. Lakini juu ya roki mzee wetu hakuelezwa vizuri. Muziki huu ulitoka kwa watu weusi wa Marekani, na mmoja wa walioupiga kabla haujapewa hata jina alikuwa mwanamke wa kanisani. Aliitwa Sister Rosetta Tharpe, mzaliwa wa Arkansas, mwaka 1915. Alianza kupiga gitaa kanisani tangu utoto, akifuatana na mama yake mhubiri, na baadaye akazipiga nyimbo za dini kwa gitaa la umeme, vijana wa kiume wakakaa chini kujifunza kwake. Basi mtu akiona binti ameshika gitaa asifikiri mara moja habari za baa. Yafaa afikiri pia habari za kanisa.

Nirudi kwenye neno langu. Jumamosi moja Mwalimu alituonyesha sinema katika bwalo kwa kompyuta yake, na tangu siku ile siachi kuifikiri. Jina lake ni "Thunder Soul", ilitolewa mwaka 2010, nayo inasimulia mambo ya kweli. Katika mji wa Houston, jimbo la Texas, palikuwa na mwalimu wa muziki aliyeitwa Conrad Johnson. Alifundisha katika shule ya sekondari ya Kashmere, shule ya watoto weusi, wengi wao wakiwa watoto wa maskini. Mwaka 1967 alimwona Otis Redding jukwaani. Aliona jinsi watu walivyosisimka, akarudi shuleni na nia moja: wanafunzi wake wapige muziki wa rika lao, lakini waupige kwa ufundi wa watu wazima. Wakati ule bendi nyingi za shule zilipiga nyimbo za kizamani, watoto wameketi kimya mbele ya karatasi zao. Watoto wa Bwana Johnson walisimama, wakacheza, wakageuka wote kwa pamoja na tarumbeta mikononi. Haikuwa roki hasa. Walipiga souli na fanki, kwa tarumbeta na saksafoni nyingi pamoja na gitaa, besi na ngoma. Alizoea kuwatungia nyimbo mwenyewe. Walitoa santuri zao, wakasafiri hadi Ulaya na Japani, na tangu mwaka 1969 hadi 1977 waliingia katika mashindano 46 wakashinda 42.

Wenzangu walipiga makofi waliposikia hesabu hiyo. Mimi lililonikaa moyoni ni jingine. Bwana Johnson alistaafu mwaka 1978, baada ya kufundisha miaka 37, na bendi ile haikuishi baada yake kama ilivyokuwa. Wale waliojifunza kwake walitawanyika. Mwaka 2008, yeye akiwa mzee wa miaka 92, walirudi wakampigia, watu wazima wenye mvi, na wengine hawakuwa wameshika chombo tangu walipomaliza shule. Siku chache baadaye mzee akafariki. Ni habari nzuri, na wengi wetu tulilia pale bwaloni. Hata matroni aliweka ukili chini. Lakini nilipokwenda kulala nilijiuliza: je, wale waliosoma Kashmere katikati, baada ya 1978, walipata nini? Waliona picha ukutani na vikombe kabatini tu. Mwalimu mkubwa kiasi kile, na alichokijenga kilitegemea mgongo wake.

Sasa tutazame kwetu. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi hapa nchini, NUTA Jazz. Vyombo vilikuwa mali ya chama, na wapigaji walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Mwaka 1978 Muhidin Maalim Gurumo, mwimbaji aliyekuwamo tangu mwanzo, aliondoka akaenda Mlimani Park. Mtu angedhani bendi imekwisha. La, haikwisha. Chama kilibadili jina, na bendi ikabadili nacho: Juwata Jazz, kisha OTTU Jazz, kisha Msondo Ngoma. Waimbaji waliingia, wakatoka, wakafa. Gurumo mwenyewe miaka mingi baadaye alirudi, akaikuta ingali hai. Babu yangu ana mkanda wao mmoja ambao hauchezi tena, lakini hakubali utupwe. Simsifu NUTA kuliko Bwana Johnson kwa upigaji. Hilo wajuzi watabishana. Nasema tu kwamba mmoja aliweka gitaa mkononi mwa mtu, mwingine aliliweka katika daftari la chama.

Na yetu imeandikwa wapi? Nilikwenda kumwuliza mtunza stoo. Jembe limeandikwa, mpira wa pete umeandikwa, sufuria zote zimeandikwa, hata ile iliyotoboka. Magitaa hayamo. Moja ni la Mwalimu mwenyewe, naye ana haki ya kuondoka nalo. La pili na besi vilinunuliwa kwa fedha zilizochangwa siku ya mahafali mwaka juzi, na risiti anayo Mwalimu katika mkoba wake. Nyuzi hununua kwa mshahara wake. Msomaji asiyejua naomba ajue kwamba seti moja ya nyuzi za besi ni ghali kuliko nauli yangu ya kwenda nyumbani. Uzi wa nne wa besi ulipokatika mwezi wa Machi hatukumwambia, kwa kuwa tulijua angetoa fedha zake tena. Tulifunga waya wa breki ya baiskeli. Hausikiki vizuri na umenichuna vidole, lakini umefanya kazi.

Kwa hiyo naiomba Halmashauri ya Wanafunzi ipeleke mambo haya kwa Mkuu wa Shule kabla muhula haujafungwa. Vyombo vya shule viandikwe katika daftari la stoo kama sufuria. Nyuzi na ngozi za ngoma zitengewe fungu dogo, kama mipira inavyotengewa. Na ateuliwe mlezi mwingine, hata kama hajui muziki. Mwalimu wetu wa Historia aimba kwaya vizuri, naye huja kusikiliza mazoezi akijifanya anapita tu. Mlezi hahitaji kujua kupiga. Ahitaji kuwa na ufunguo, saa, na moyo wa kumtoa nje msichana aliyepata 38. Kupiga tutafundishana. Mimi mwenyewe nusu ya niyajuayo sikuyapata kwa Mwalimu, niliyapata kwa dada aliyekuwa na besi kabla yangu, ambaye sasa yuko chuo cha uuguzi.

Nimesikia jibu moja ambalo lina uzito, na sitalificha. Dada mkuu aliniambia kwamba bendi ikiandikwa na kutiwa katika bajeti, itakuwa kama kilimo cha shule: watu watahudhuria kwa kuhesabiwa majina, na raha yake itakufa. Huenda ni kweli. Mwalimu hutupigia kelele, hucheka, hutupa chaki, na hayo hayawezi kuandikwa katika daftari lolote. Tukipata bendi baridi kidogo tutakuwa tumepoteza kitu. Lakini bendi baridi aweza kuja mtu mwaka ujao akaipasha moto. Iliyofungiwa stoo hula panya.

Mimi namaliza mtihani mwezi wa Novemba, nami sitakuwamo katika bendi hiyo, ikiwapo. Wasichana wawili wa Kidato cha Pili wamekuwa wakija siku za Jumapili kujifunza besi kwangu. Mmoja ana vidole vifupi lakini sikio lake ni kali kuliko langu. Juzi aliniuliza akija Januari ataikuta wapi ile besi na amwombe nani ufunguo. Nikamwambia nitaulizia.

Nimeuliza hapa.