BARAZANI KWA KARANI: Tulikwenda Kuuona Mzabibu

Tangu niliporudi safarini nimeulizwa neno moja mara nyingi, sokoni, kisimani, hata mlangoni mwa kanisa: "Karani, ni kweli mmechoma petroli mpaka Dodoma kwenda kutazama majani?" Ni kweli. Na kwa kuwa nimechoka kumjibu mtu mmoja mmoja, leo nawajibu wote pamoja. Nitawaeleza tulikopita, tulichokiona, na kosa nililolifanya mimi mwenyewe njiani. Kosa hilo nilipenda kulificha, lakini Mama yangu naye ni msomaji wa gazeti hili.

Chanzo cha safari ni yeye Mama. Ni mjane, na kwa miaka zaidi ya ishirini amekuwa akifua vitambaa vya altare. Siku moja, alipokuwa akisugua doa la divai, akaniuliza: "Mwanangu, hivi mzabibu ni mti, au hutambaa kama mboga ya maboga?" Mimi niliyesoma chuo cha ualimu, mimi ninayeandika neno "divai" katika daftari la matumizi ya parokia, nikafungua kinywa kueleza, kumbe sijui. Mzabibu nimeusikia katika Injili tangu utoto, lakini sikuwa nimeutia machoni. Sisi wa Tunduru tunaujua mkorosho.

Basi msimu uliopita korosho zilitulipa si haba, na shemeji yangu, mume wa dada, akanunua motokaa. Ni Toyota Noah iliyokwisha kutumiwa na wengine, lakini nzima. Tukapatana kwamba mimi na yeye tutaendesha kwa zamu, na petroli tutagawana nusu kwa nusu. Abiria walikuwa Mama, dada yangu, mke wangu, na mwanangu wa miaka sita. Tulingoja Pasaka ipite, maana karani hawezi kuondoka kabla yake. Kisha Jumatatu moja, saa kumi na mbili asubuhi, tukawasha moto.

Wazee wetu wanaikumbuka njia ya Songea kabla ya lami, jinsi masika yalivyoweza kumlaza mtu siku mbili au tatu katika tope. Leo kutoka Tunduru hadi Namtumbo, kilomita 193, ni lami tupu. Tulipita Matemanga, tukapita Kilimasera, na kabla ya adhuhuri tulikuwa Songea.

Alasiri tulikwenda Makumbusho ya Maji Maji. Watu wengi hupita Songea wakitafuta basi tu, wasijue wanakanyaga ardhi ya namna gani. Hapo tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga makumi ya mashujaa wa Kingoni kwa siku moja, wakawafukia pamoja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, alinyongwa baadaye kidogo. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mahali hapo hapo, akakutana na wajukuu wa mashujaa hao, akaomba msamaha. Mama alisimama mbele ya kaburi muda mrefu. Mwanangu akaniuliza kwa nini wamezikwa wengi mahali pamoja. Nilimweleza vizuri kuliko ningeweza kumweleza darasani, kwa sababu alikuwa akipaona.

Asubuhi ya Jumanne tulisali Misa Peramiho, kiasi cha kilomita 24 kutoka Songea, misioni ya Wabenediktini iliyoanza mwaka 1898. Hapo kosa langu lilianza kuota. Ilikuwa saa tano tulipoondoka Songea, na katika daftari langu nilikuwa nimeandika: "Jumanne: kulala Iringa." Ni zaidi ya kilomita 450. Mtu mwenye busara angeifuta ile sentensi. Lakini mimi ni karani, na jambo likiisha kuandikwa huona ni amri.

Tukapita Madaba, tukafika milima ya Lukumburu, ambako barabara hupinda kama nyoka na malori hupanda kwa mwendo wa mtu. Huko shemeji aliendesha vizuri sana. Alishuka kwa gia ndogo na hakukanyaga breki mfululizo. Alinifundisha kanuni ya madereva wa zamani: mlima ushuke kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Breki ikikanyagwa muda wote hupata moto, na ikipata moto haishiki.

Tulipokaribia Njombe hewa ikawa baridi. Mji ule uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, nasi watu wa joto tukafunga vioo na kujifunika khanga. Mama akatazama nje, akaona watu wakiuza viazi na maparachichi, akasema: "Nimesikia hapa kuna maporomoko ya maji, ya mto Luhuji. Tusimame kidogo niyaone." Nami ndiye niliyekuwa nimeshika usukani. Nikajibu: "Mama, tumechelewa. Tutayaona wakati wa kurudi." Akanyamaza.

Basi sikilizeni sasa. Tulipita Makambako, tukaiingia barabara kuu iendayo Iringa, yenye malori mengi ya Zambia. Saa kumi na mbili kasoro, katika kijiji kimoja kabla ya Mafinga, tuliona watu wameketi kando ya njia wakinywa ulanzi. Kwa wasioujua: ulanzi ni utomvu wa mwanzi. Wakati wa mvua watu hukata ncha ya mwanzi mchanga, hutundika kikopo, na maji yake hudondoka humo. Ukiwa mbichi huitwa mtogwa, ni mtamu hata mtoto hunywa. Ukikaa huchachuka, ukawa mkangafu, na huo ni pombe kamili. Shemeji akasema: "Tusimame tuonje, tusije tukarudi Tunduru bila kuujua ulanzi." Nami, niliyekosa nafasi ya kusimama kwa ajili ya maporomoko, nikaipata nafasi ya ulanzi.

Mama muuzaji alitwambia kweli, kwamba asubuhi ulikuwa mtogwa. Sisi tulisikia neno "mtogwa" tu, neno "asubuhi" likatupita. Shemeji alikunywa vikombe vitatu. Mimi nilikunywa viwili. Nilijisikia vizuri kabisa, na hapo ndipo penye hatari, maana mtu wa namna hiyo hujisikia anaweza kila kitu. Nikawasha motokaa, nikasema: "Haya, pandeni, giza linaingia."

Mama hakupanda. Hakugomba wala hakupaza sauti. Alikuwa ameketi juu ya jiwe karibu na muuzaji, akasema: "Nendeni tu, baba zangu. Mimi nimemwomba huyu dada anipe pa kulala. Kesho nitapanda basi." Kisha akamgeukia shemeji kwa adabu, kama mama mkwe anavyosema na mkwewe: "Mkwe wangu, usinione vibaya. Ni miguu tu imechoka." Mke wangu akamshusha mtoto, akaenda kuketi karibu naye. Dada yangu naye akashuka. Tukabaki watu wawili ndani ya motokaa ya watu wanane, injini ikinguruma.

Wasomaji, nimefundishwa saikolojia ya mtoto chuoni, nimesahihisha daftari nyingi za watu, lakini sijapata kusahihishwa namna ile. Nilizima injini. Tukalala kijijini hapo katika nyumba ya wageni, vyumba viwili, blanketi nzito, na hakuna aliyesema neno juu ya jambo lile.

Alfajiri tuliondoka, mimi nikiendesha, kichwa kitupu na macho wazi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara. Tulikuwa hatujafika mbali nilipoona matawi ya miti yametandazwa njiani, na mbele yake lori lililoharibika limesimama katikati ya upande wetu, bila taa hata moja. Tulipunguza mwendo, tukalipita pole pole. Dereva wake alikuwa amekaa chini akiota moto, akatuambia liliharibika saa mbili za usiku. Saa mbili za usiku ndiyo saa ambayo sisi tungekuwa pale. Mwanangu akauliza: "Bibi, hayo majani barabarani ni ya nini?" Mama akamjibu: "Ni ya kumwambia mtu asimame, mjukuu wangu." Hakuongeza neno.

Tangu saa ile safari ilibadilika. Nililifuta lile daftari la ratiba, na tukawa tunasimama. Tulisimama Isimila, kilomita 20 hivi kabla ya Iringa, ambako maji ya mvua yamechonga udongo ukawa nguzo ndefu kama minara, na ambako tangu 1951 wataalamu wamepata zana za mawe za watu wa kale sana. Tulisimama Kalenga, ngome ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Wajerumani waliiteka mwaka 1894, lakini Mkwawa mwenyewe hawakumpata. Aliwazungusha porini mpaka 1898, akajiua kwa bunduki asiingie mikononi mwao. Fuvu linalotunzwa hapo lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Kisha tukalala Iringa mjini, ambako Boma la Wajerumani siku hizi ni nyumba ya makumbusho.

Alhamisi tukashuka milima ya Nyang'oro kwa gia ndogo, kama shemeji alivyonifundisha. Baridi ikabaki nyuma, mibuyu ikatokea, tukavuka bwawa la Mtera lililojengwa miaka ya 1970 ili kupata umeme. Tulinunua samaki tukala kivulini. Mtu wa basi huyaona hayo dirishani tu, yakimpita mbio.

Na kabla ya kuingia mji wa Dodoma, kando ya barabara hiyo hiyo, tukaiona mizabibu. Iko maeneo ya Mpunguzi na Bihawana. Huko Bihawana ndiko wamisionari wa Kikatoliki walikoipanda katika miaka ya 1950, nayo ikaikubali nchi ile kavu ya Wagogo. Mkulima mmoja mwema alituruhusu kuingia shambani mwake. Basi jibu la swali la Mama ni hili: mzabibu ni mti, shina lake gumu na lenye magamba, lakini matawi yake hutambaa, wakulima husimamisha nguzo na kuvuta nyaya, nayo matawi hushika nyaya hizo kwa vikono vidogo kama vya maboga. Kwa hiyo Mama hakuwa amekosea sana.

Mkulima alitueleza kwamba Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, mara moja karibu na Machi na mara ya pili karibu na Agosti au Septemba. Mzabibu hupogolewa, yaani matawi hukatwa mpaka ukauhurumia, na miezi minne hivi baadaye huzaa. Usipopogolewa hutoa majani mengi na matunda haba. Lakini taabu yake ni soko. Korosho zako ukikosa bei leo utaziweka ghalani katika gunia. Zabibu hazingoji, siku chache tu zimeoza, na mnunuzi hulijua hilo. Niliposikia hayo nilikoma kumwonea kijicho.

Mama alishika jani moja, akaligeuza huku na huku, akaomba aonje tunda moja. Akasema ni tamu lakini lina ngozi. Akatupa mbegu, akacheka. Ndivyo ilivyokuwa; na kwangu ilitosha kulipia petroli yote.

Wakati wa kurudi tulilala Iringa, tukalala Njombe, tukalala Songea. Pale kwenye maporomoko ya Luhuji tulisimama saa nzima. Sikutazama saa. Alipotosheka, Mama alijiinukia mwenyewe akasema twende.

Sasa, kwa yeyote mwenye motokaa au mwenye shemeji mwenye motokaa, nami namwambia haya. Toka Tunduru hadi Dodoma kwa njia ile ni karibu kilomita 1,000. Yetu ilikunywa lita moja kwa kila kilomita 10, basi piga hesabu yako kwenda na kurudi kabla ya kuondoka. Toa juma zima. Usipange zaidi ya kilomita 300 kwa siku. Jua likitua nawe umetua. Mwenye zamu ya usukani asionje kitu, hata akiambiwa ni mtogwa.

Watu husema ajali haina kinga. Nami nilikuwa nikisema hivyo, hata katika mazishi. Sitasema tena. Ziko ajali zisizo na kinga, kweli, lakini ile ya kwetu kinga yake iliketi juu ya jiwe ikasema miguu imechoka. Uzuri wa kuendesha mwenyewe ni kwamba hakuna kondakta wa kukukataza kusimama. Ubaya wake ni kwamba hakuna kondakta wa kukulazimisha.

Basi, anayetaka kuniuliza tena kwa nini tulikwenda kutazama majani, namkaribisha nyumbani. Mama anayo jani moja alilolikausha katika kitabu chake cha sala, naye atamwonyesha. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya daftari za ubatizo na majina yanayoandikwa vibaya. Kaeni salama.