Bunduki ya Roosevelt na Kigoda cha Kitui

Mwezi Oktoba 2010, bunduki moja ya marisau yenye mitutu miwili iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 862,500. Theodore Roosevelt alizawadiwa na mtengenezaji wake, A. H. Fox, akaja nayo Kenya mwaka 1909, kwa gari moshi toka Mombasa, akipita Kibwezi na Makindu katika nchi ya Makueni ya leo.

Bunduki nyingine za Fox za umri huo haziikaribii bei hiyo. Wajuzi hutazama kama nambari za mitutu na za chuma cha katikati zinalingana, kama kitako hakikupigwa msasa. Yote hayo ni sawa, lakini iliyopandisha bei ni habari yake, iliyoandikwa na kuhifadhiwa tangu siku ya kwanza.

Sasa njoo Kitui. Kigoda cha mzee cha miguu mitatu, kilichotiwa nakshi ya nyaya za shaba, huuzwa bila hata jina la kijiji kilikotoka. Mnunuzi hubaki kukisia: wangaza huu ni wa kukaliwa miaka mingi, au ni rangi ya viatu iliyopakwa jana?

Nayo sheria ya makavazi na turathi ya 2006 huita kitu cha kale kile kilichotengenezwa kabla ya 1895, na hakitoki nchini bila kibali. Kigoda kisicho na habari huvuka mpaka kama pambo la watalii. Anayejua nani alikichonga, na lini, ni nyanya mwenye nyumba, na mara nyingi haulizwi lolote ila bei.