Chanjo ya surua iwafuate watoto

Siku ya mgao wa chakula mama hawezi kuacha foleni ampeleke mtoto kliniki. Kwa maoni yetu, chanjo ya surua itolewe hapo hapo kwenye mgao, na katika shule za awali kwa waliokosa. Kichupa cha dozi 10 kikishachanganywa hutumika kwa saa 6 tu, kisha hutupwa. Ndiyo maana muuguzi akiona watoto wawili husita kukifungua, na mama huambiwa arudi kesho. Wangapi hurudi? Penye watoto wengi kichupa huisha. Surua husambaa kwa hewa, na nyumba zetu zimebanana. Viongozi wa vijiji wapange siku na kliniki. Wazazi, njooni na kadi. Dozi ni mbili.