Manjaro, Arch na Kifurushi cha Kijana wa Igoma

Wako wataalamu wetu wa kompyuta wanaoamini kwamba mwanafunzi asiyeanza na Arch Linux hajaanza kitu. Nimewasikia mara nyingi, na safari hii nimeona nisinyamaze.

Arch, iliyoasisiwa na Judd Vinet wa Kanada mwaka 2002, ni mfumo endeshi usiombembeleza mtu. Hukupa msingi mtupu na skrini nyeusi: diski ugawe mwenyewe, mtandao uunganishe mwenyewe, mazingira ya madirisha uyachague na kuyasakinisha kwa amri. Hata msaidizi wake wa usakinishaji, archinstall, aliyeingizwa mwaka 2021, ni wa maandishi na humtaka mtumiaji ajue anachojibu. Manjaro ni mtoto wake, aliyezaliwa Ulaya mwaka 2011 na kupewa jina litokanalo na Kilimanjaro yetu. Huja na kisakinishi cha kubofya, dawati lililokwisha kupangwa, na chombo cha kutambua kadi za picha. Vifurushi vya Arch navyo havimfikii mtumiaji papo hapo. Hupitishwa kwanza katika matawi ya majaribio.

Ucheleweshaji huo wakereketwa wa Arch huuita udhaifu. Wana hoja, tena ya kweli: hazina ya watumiaji, AUR, huandikwa kwa kuitazama Arch ya leo, hivyo Manjaro iliyo nyuma inaweza kukwama. Tena mwaka 2015 wenye Manjaro waliacha cheti cha usalama cha tovuti yao kiishe muda, wakawashauri watumiaji warudishe nyuma saa za kompyuta zao. Aibu hiyo siitetei. Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba taabu ndiyo mwalimu ni mruko mkubwa. Anayesakinisha Arch kwa kunakili amri kutoka kwenye simu, katika Kiingereza asichokimudu, hajifunzi mfumo, anajifunza kunakili.

Hata hivyo, ugomvi huu wa mzazi na mtoto unaficha jambo ambalo wote wawili hawakulifikiria. Mwanafunzi aliyepanga chumba Igoma, kando ya barabara ya Musoma, hununua intaneti kidogo kidogo. Arch na Manjaro zote husasishwa mfululizo, na masasisho ya mwezi mmoja tu huweza kumeza mamia ya megabaiti. Akiahirisha, kisha akajaribu kusasisha programu moja tu na kuziacha nyingine, anaingia katika jambo ambalo Arch yenyewe inalikataza: mfumo wa nusu mpya, nusu kuukuu, unaoweza kuvunjika. (Kiswahili kimeliona hili kabla yetu: neno kifurushi ni la programu, na ni la bando.) Kwa kijana huyo, Debian, yenye toleo imara takriban kila miaka miwili na masasisho machache katikati, ni rafiki kuliko hizo mbili, ingawa haina majigambo ya upya.

Kwa hiyo swali si nani fundi wa kweli. Swali ni nani anabeba gharama. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa OpenOffice ya Kiswahili iliyoitwa Jambo. Wakati ule tulithubutu kuutafsiri mfumo ili umfuate mtu. Leo tunashindwa hata kuweka nakala ya hazina za programu kwenye seva za vyuo vyetu, ili mwanafunzi asasishe akiwa maktaba bila kuchoma bando lake. Hazina rasmi za Arch zinaingia kwenye diski moja ya terabaiti moja na nafasi ikabaki. Leseni zinaruhusu. Hakuna wa kuombwa kibali Ulaya.

Pendekezo hili nimelipeleka kwa maandishi ofisini mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa bajeti imefungwa. Mara ya pili niliulizwa, kwa upole kabisa, kama Linux ina leseni halali.